Kiporo cha Wazee na Hadaa ya Baridi

Kiswahili hakikupungukiwa na majina ya chakula kilicholala. Kuna kiporo, kuna mwiku, kuna bariyo. Lakini ukiyachunguza, majina hayo yote yakusudia usiku mmoja tu: chakula kililala, asubuhi kikaliwa. Wali uliolala siku tano ndani ya friji hatujaupa jina, na friji yenyewe imetuzoesha kudhani kwamba kilicho baridi hakiharibiki.

Katika makao ya wazee, dhana hiyo huweza kuua. Kuna kijidudu kiitwacho listeria ambacho, tofauti na wenzake wengi, huendelea kuzaana polepole hata ndani ya friji. Kijana mwenye afya aghalabu hupona. Mkongwe ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika huwa hatarini. Nchini Afrika Kusini, mnamo 2017 na 2018, listeria iliyokuwa ndani ya poloni, nyama iuzwayo tayari kuliwa, iliua zaidi ya watu 200, wakiwemo watoto wachanga wengi.

Marekani, ambako Wakenya si haba wameajiriwa kuwatunza wazee, kanuni za serikali za 2016 zilitaka makao ya uuguzi yawe na utaratibu kuhusu chakula kiletwacho na jamaa. Mzee hanyimwi mapishi ya kwao, jambo linalonipendeza mno. Ila chombo hubandikwa jina na tarehe, friji hupimwa isizidi nyuzi 5 za selisiasi, na kilichopitisha muda hutupwa.

Kwetu, wageni wa makao hayo mara nyingi ni wanafunzi na sufuria yao ya pilau. Pilau hiyo, ikishaepuliwa, isikae nje kwa zaidi ya saa 2. Wala kuitia katika friji na sufuria yake kubwa si dawa, kwani katikati hubaki vuguvugu kwa muda mrefu; heri igawanywe katika vyombo vidogo visivyo na kina. Umeme ukipotea, friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi. Na wanaoifungua, ole wetu, ni sisi wageni tukitafutia soda zetu nafasi!

Mwalimu aandaaye ziara muhula huu na achukue pia kalamu na karatasi za kubandika. Tarehe iandikwayo iwe ya siku chakula kilipopikwa, si ya siku kilipofika.