Jicho la Chini ya Mashua

Wazee wetu walipima kina kwa bildi. Leo mashua nyingi za injini zina mashine ya kioo. Lakini kioo hakioni kitu. Kinachoona ni transdyusa iliyofungwa chini kwenye tezi, ipelekayo sauti hadi sakafu ya bahari na kuupokea mwangwi wake. Ikifa, nahodha hupapasa miamba gizani.

Mpwa wangu aliikopa akiba ya mkewe, akanunua transdyusa mpya. Plagi haikuingia, na muuzaji hakurudisha fedha. Dada zangu, kabla ya kufungua kibindo, mwambieni mume aende dukani na ile ya zamani, alinganishe plagi, wati na masafa: mashine ya kilohezi 200 haiisikii ya 50. Tena aweke sharti la khiyari ya siku tatu, ambalo fiqhi ya Kishafii inaliruhusu, apate kuijaribu majini, mbali na mapovu ya rafadha.