Jasho la Chujio

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, katika nyumba iliyo juu ya milima ya Usambara, mama alikuta chujio lake la maji limelowa nje, na ubao uliokuwa chini yake umelowa pia. Akamwambia mwanawe, "Mwanangu, chujio limetoboka. Litoe nje, leo tutakunywa maji kama yalivyotoka mtoni." Mtoto akajibu, "Mama, tafadhali ngoja kwanza, nilipanguse tuone."

Alisema vema, maana maji ya mto yasiyochujwa wala kuchemshwa huleta kuhara, na kuhara huua watoto wadogo. Chujio zima lisitupwe bure. Basi, maji yale ya nje yalitoka wapi?

Chujio la namna hii lina vyombo viwili vya chuma, kimoja juu ya kingine. Chombo cha juu hutiwa maji machafu. Ndani yake kimesimama kipande cha udongo uliochomwa, chenye umbo la mshumaa mnene, nacho huitwa mshumaa. Udongo huo una vitundu vidogo mno. Maji hupita, uchafu hubaki. Maji safi hudondoka katika chombo cha chini, chenye bilula ya kuyatolea.

Hewa nayo ina maji ndani yake, ijapokuwa hayaonekani. Maji hayo huitwa mvuke. Hewa ya joto huchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 za sentigredi yaweza kuchukua kadiri ya gramu 30 za mvuke. Kwa digrii 20, gramu 17. Na kwa digrii 10, gramu 9 tu. Hewa ikipoa, mvuke uliozidi hauna budi kugeuka maji.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile. Usiku ulikuwa wa baridi, na maji ndani ya chujio yakapoa sana. Alfajiri moto ukawashwa, birika la chai likachemka, na jiko likajaa mvuke. Hewa ile ya joto ilipogusa chuma cha baridi ilipoa, ikaacha matone.

Umande wa majani hufanyika vivyo hivyo. Zamani watu wengi walidhani kwamba umande huanguka kutoka juu kama mvua. William Charles Wells, mganga wa London, aliweka mafungu ya sufu nje usiku, kisha akayapima uzito. Katika mwaka 1814 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba umande hushika vitu vilivyopoa kuliko hewa inayovizunguka.

Mtungi wa udongo ni jambo lingine. Maji yake yenyewe hupenya udongo, hutokea nje na kukauka, na kwa kukauka huko maji yaliyo ndani hupoa. Chuma hakipenyeki hivyo.

Sasa, mtu atajuaje kama chujio latoka jasho au lavuja? Kwanza, alipanguse likauke kabisa, kisha atazame. Jasho hurudi pande zote za chombo, mahali palipo na maji ya baridi ndani. Maji ya kuvuja huanza mahali pamoja, kama penye bilula au penye maungio, yakashuka kwa mfereji mmoja. Pili, aweke kando ya chujio kikombe cha chuma chenye maji ya baridi yale yale. Kikombe nacho kikitoka jasho, sababu ni hewa. Tatu, maji yakiisha kupata joto la chumba, alipanguse tena. Likilowa hata hapo, linavuja.

Dawa ya jasho ni nyepesi. Chujio liwekwe mbali na meko, dirisha lifunguliwe ili mvuke utoke, na chombo kipanguswe kwa kitambaa safi. Kupangusa huku kusidharauliwe, kwa kuwa matone ya nje huchukua uchafu wa mikono, nayo yaweza kushuka penye bilula na kuingia kikombeni.

Lakini hatari iliyo kubwa haionekani nje. Mshumaa ukipata ufa, au mpira ulio chini yake ukilegea, maji machafu hupita moja kwa moja na kuingia katika maji safi, na chujio huwa kavu nje kama kawaida. Kwa hiyo yafaa kuinua chombo cha juu mara kwa mara na kutazama chini yake. Maji yakidondoka tone kwa tone kutoka katika shina la mshumaa, ni vema. Yakitiririka, au yakitoka kando ya mpira, maji hayo yasinywewe mpaka yachemshwe, na kilichoharibika kibadilishwe. Ufa mwembamba waweza kufichika. Basi mshumaa nao utazamwe kila unapooshwa.

Mtoto yule alilipangusa chujio, na jasho likarudi pande zote. Akainua chombo cha juu, akaona matone yakianguka polepole, moja moja. Ndipo mama alipolihamisha chujio mbali na meko, na siku ile wote wakanywa maji safi.