Matthew Henson: Jamaa wa Ncha ya Kaskazini Mwenye Sifa Zake Ziliendea Mdosi

Aprili 6, 1909, wasee sita wako juu ya barafu wakisema wamefika Ncha ya Kaskazini. Mdosi ni mzungu, Robert Peary. Wengine ni Wainuit wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah (hao nao hata hawatajwangi), na Matthew Henson, Mmarekani mweusi wa Maryland.

Peary alimpata 1887 akifanya kwa duka la kofia Washington. Wakasafiri pamoja zaidi ya miaka 20. Na si ati Henson alikuwa wa kubeba mizigo tu. Sleji ikivunjika, fundi ni yeye. Kuendesha mbwa, yeye. Lugha ya Wainuit aliimanya fiti, so wenyeji walimkubali.

Kurudi nyumbani, Peary akapewa cheo cha admirali. Henson? Ukarani kwa ofisi ya forodha New York, mpaka akastaafu.

Wataalamu bado wanabishana kama walifika kwenyewe. Sawa, lakini kama Peary alifika, Henson pia alifika.

Explorers Club ilimkubali 1937, miaka 28 imepita. Alikufa 1955, akazikwa Bronx. Ni 1988 ndio alihamishwa Arlington, makaburi ya wanajeshi, akalazwa karibu na Peary.