Muuaji yumo humu humu sebuleni

Dakika za mwisho za kisa cha mpelelezi Hercule Poirot hazina mbio wala milio ya risasi. Watu saba wanane wamekalishwa sebuleni: mjane, daktari, mpwa mwenye madeni, mtumishi anayetazama chini. Mbele yao anazunguka mzee mfupi wa Kibelgiji mwenye masharubu yaliyochongwa, akimgeukia huyu, akimwacha, akimrudia yule, huku akitaja saa iliyosimama na barua iliyoungua nusu. David Suchet alimwigiza hivyo kwenye televisheni kuanzia 1989 hadi 2013, visa 70 kwa jumla. Aliyezoea filamu za ngumi atasinzia. Lakini hata Arusha, usiku wa baridi ya Julai, mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu, wapo wasioinuka kwenye viti mpaka jina litajwe, na haielekei kwamba wanavutwa na bustani za Kiingereza au na damu, ambayo kwa kweli ni kidogo. Kinachowavuta ni kikao. Shaka iliyokuwa ikinong'onwa vyumbani inaletwa hadharani, kila mmoja anasikia hoja inayomhusu, na mtazamaji aliyekuwa makini anajua kwamba kila kidokezo alionyeshwa na yeye.

Kwenye miteremko ya Meru kikao cha namna hiyo si kigeni. P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake 1963, alieleza jinsi ugomvi wa mipaka, mahari na urithi ulivyopelekwa kwenye mabaraza ya wazi, kila upande ukiwa na watu wake na wasemaji wake. Wameru nao wana washili, yaani viongozi wa koo. Na ukitazama visababu vya mauaji katika tamthilia ya Midsomer Murders, iliyoanza 1997, utakuta wosia uliobadilishwa kimyakimya, shamba linalotamaniwa na jirani, mtoto wa nje anayejitokeza siku ya maziko. Mahali ambapo kihamba, shamba la ukoo, kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi kubaki migomba michache, mambo hayo hayahitaji mkalimani. Tofauti ipo, tena kubwa. Baraza la wazee linatafuta mapatano, kwa sababu kesho wagombanao watachota maji kwenye mfereji uleule, kwa hiyo mara nyingine ukweli hupunguzwa makali ili watu waishi. Poirot hapatani na mtu. Nadhani hapo ndipo utamu ulipo: tamthilia inampa mtazamaji kile ambacho baraza, kwa busara zake, humnyima.

Utasikia kwamba hayo ni mapenzi ya mkoloni tu, majumba makubwa na chai ya saa kumi. Hoja hii ina uzito. Utajiri wa majumba yale ulikotoka hauulizwi sana, na watumishi mara nyingi huingia kubeba sinia na kutoka. Hata hivyo, anayewaumbua mabwana hao ni mkimbizi wa vita, anayechekwa kwa lafudhi yake, na cheo hakimwondoi mtu kwenye orodha ya washukiwa. Isitoshe, Waswahili waliichukua kanuni hii ya hadithi za upelelezi wakaifanya yao zamani, kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chake cha televisheni, jambo lililosubiri hadi 1994. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58 kwa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko na rafiki aitwaye Najum. Ukoo na Sherlock Holmes hauna siri. Lakini maiti imekutwa kwenye mzimu, na watu wana jibu tayari: mizimu. Bwana Msa hagombani na imani ya mtu. Anauliza tu maswali ya kibinadamu, mpaka jibu la mizimu linakosa pa kukaa. Hapo mbinu ya kigeni ilipata kazi ambayo London haikuwa nayo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tamthilia hizi zinadanganya kuhusu haki. Kweli, nusu ya ushahidi wa Poirot ungeangushwa na wakili wa kawaida asubuhi moja. Kinachomwokoa ni mhalifu kukiri mbele za watu, jambo ambalo mwenye wakili asingelifanya. Na Arusha inajua upelelezi halisi unavyokwenda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa katika jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Huko wasikilizaji waliketi nyuma ya kioo, vipokea sauti masikioni, wakifuata maneno yaliyopita katika Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kesi ya Kanali Théoneste Bagosora na wenzake watatu, iliyoanza 2002, ilichukua siku 408 za kusikilizwa na mashahidi 242. Nani awezaye kuyakunja hayo katika saa moja na nusu?

Lakini tofauti ya muda haifuti udugu wa kanuni: anayetuhumiwa asikie, na kinachodaiwa kionyeshwe. Tarehe 18 Desemba 2008 majaji walimtia Bagosora hatiani kwa mauaji ya kimbari na kumhukumu kifungo cha maisha, ambacho rufani ilikishusha hadi miaka 35. Mshitakiwa mmoja, Jenerali Gratien Kabiligi, aliachiwa huru. Na kuhusu shitaka ambalo wengi walilingojea, kwamba wanne hao walikula njama ya mauaji hayo kabla hayajaanza, majaji walisema upande wa mashitaka haukulithibitisha pasipo shaka. Poirot asingeweza kuwaaga watu wa sebuleni kwa kauli hiyo. Wangebaki vitini, wakimtazama.