Kizibo cha Magnesiamu

Mgonjwa aliyechomwa ketamini hafanani na mtu aliyelala. Macho yanaweza kubaki wazi yakicheza huku na huku, anapumua mwenyewe, anameza mate, lakini kisu kikipita ngozini hana habari. Ndiyo maana hospitali nyingi za wilaya zenye uhaba wa mashine na wataalamu wa nusukaputi zimeitegemea kwa miongo kadhaa. Dawa hii haiuzimi ubongo mzima. Kazi yake kubwa ni kuziba kipokezi kimoja, kiitwacho NMDA.

Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli ya neva, ikingoja kemikali kutoka seli jirani. Kemikali inayotumika kuliko zote ubongoni kuamsha jirani ni glutamati. Naam, ni ileile ya ajinomoto, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kwenye supu ya mwani. Wanaoihofia kwa ajili ya ubongo watulie: sehemu kubwa ya glutamati ya chakula hutumiwa na utumbo wenyewe, na inayobaki kwenye damu hupata taabu kuvuka kuta za mishipa midogo ya kichwani. Ubongo hujitengenezea yake.

Glutamati ikimwagwa kwenye sinapsi, mwanya wa takriban nanomita 20 kati ya seli na seli, hukuta vipokezi vya tabia tofauti. Vile vya AMPA ni vyepesi: hufunguka papo hapo, sodiamu ikaingia, kisha vikajifunga ndani ya milisekunde chache. NMDA ni kaidi. Hata glutamati ikishakinata, na msaidizi wake glisini akiwepo, tundu la katikati bado lina kizibo: ioni ya magnesiamu. Ioni hiyo ina chaji chanya, na seli iliyotulia ina chaji hasi ndani, karibu milivolti -70, kwa hiyo huvutwa na kukwama tunduni. Haitoki mpaka vipokezi vya AMPA viisisimue seli vya kutosha. Hapo kalsiamu hupata njia. Kundi la Philippe Ascher huko Paris na la Mark Mayer huko Marekani yote mawili yalieleza jambo hili mwaka 1984. Ketamini nayo hungoja tundu lifunguke, ikaingia na kunasa humo.

Kwa maneno mengine, kipokezi hiki hakiridhiki kwamba seli ya kwanza imetuma ujumbe. Kinataka pia seli ya pili iwe imeshaamka wakati huohuo. Mimi sijui kifaa kingine cha mwili, kidogo kiasi hiki, chenye masharti ya busara namna hii.

Kalsiamu iliyoingia huwasha vimeng'enya. Ikiingia kwa wingi na kwa ghafla, kimeng'enya CaMKII hubandika fosfeti kwenye vipokezi vya AMPA, na vingine zaidi hupandishwa hadi kwenye utando. Safari ijayo, glutamati ileile itazaa mwitikio mkubwa zaidi. Ikiingia kidogokidogo kwa muda mrefu, vipokezi hushushwa na sinapsi hunyong'onyea. Kuimarika huko ndiko Tim Bliss na Terje Lømo walikokuta kwenye ubongo wa sungura, huko Oslo, wakachapisha mwaka 1973. Mwaka 1986, Richard Morris na wenzake waliwazibia panya vipokezi vya NMDA; panya wakaogelea vizuri tu, ila hawakuweza kujifunza jukwaa lililofichwa majini liko wapi.

Masharti hayo yana sababu, maana kalsiamu ikizidi inaua. Kwenye kiharusi, seli zilizokosa oksijeni hushindwa kuizoa glutamati, vipokezi hubaki wazi, na seli hufa. Dawa za kuviziba zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi, zikashindwa. Hazikuwa na njia ya kumzuia mharibifu bila kumzuia mfanyakazi, kwa kuwa ni yuleyule.

Wakati mwingine vipokezi hupungua kwa kosa la kinga ya mwili. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kingamwili huvishika vipokezi vya NMDA viwiliviwili na kusababisha vimezwe ndani ya seli. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walikuwa wanawake vijana wenye uvimbe kwenye ovari, uvimbe uliobeba tishu za neva. Ugonjwa huanza kwa hofu, maono na maneno yasiyoeleweka. Degedege na kuchezesha mdomo bila kukoma hufuata. Ni rahisi mgonjwa kupelekwa wodi ya akili, au kwa mganga, kabla hajapimwa maji ya uti wa mgongo. Akiondolewa uvimbe na kupewa dawa za kutuliza kinga, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hufikia hali nzuri ndani ya miaka 2, kwa sababu seli zenyewe mara nyingi hazikufa: kingamwili zikipungua, vipokezi hurudi kwenye utando.