Bei ya kokoto haina shimo ndani yake

Fundi anayechanganya zege kwa kipimo cha moja, mbili, nne hutia ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa hiyo kila nguzo na kila slabu inayomwagwa Dar es Salaam ni kokoto kwa sehemu kubwa. Bei ya mfuko wa saruji tunaijua kwa kichwa. Mahali kokoto zinakotoka hatupaulizi, mpaka mvua ijaze shimo na mtoto azame.

Kokoto ni mali nzito yenye bei ndogo. Ikisafirishwa mbali, nauli ya lori huipita bei yake ya machimboni. Malori yanayotoka Lugoba na Msolwa, upande wa Chalinze, hutembea zaidi ya kilomita 100 kufika jijini, na kila kilomita iko kwenye bei anayolipa mjenzi. Ndiyo sababu jiwe lililo karibu na mji halikosi mchimbaji, hata likiwa nyuma ya nyumba za watu. Kunduchi Mtongani makazi na machimbo yamekaa pamoja miaka mingi. Humo ndimo utamkuta mama ameketi chini ya kivuli cha gunia, jiwe amelizungushia pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi ili vipande visimrukie machoni, anagonga kwa nyundo mpaka debe lijae. Kufunga machimbo kwa amri ya siku moja ni kumwondolea mama huyu chakula cha jioni, na shimo linabaki palepale.

Mimi naamini machimbo karibu na makazi yanawezekana, ila yapangwe kabla ya jiwe la kwanza kung'oka.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inampa jirani nguvu ambayo wengi hawaijui. Ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, mwenye leseni hana ruhusa ya kuchimba bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Kwa shamba lililolimwa, umbali ni mita 50. Ningekuwa mimi jirani huyo, nisingetia saini kabla ya kuona ramani. Njia ya malori inapita wapi? Boza la maji litamwagilia njia hiyo mara ngapi kwa siku? King'ora cha kulipua kitalia saa ngapi? Baruti zikipishanishwa kwa sehemu ndogo za sekunde, mtetemo hupungua sana kuliko zikilipuka kwa pamoja. Jirani ana haki ya kuuliza zitapangwaje. Na kuta zipigwe picha kabla ya mlipuko wa kwanza, ili ufa wa zamani na ufa mpya visije vikagombaniwa baadaye.

Kwa watu wa pwani kuna jambo la upepo. Mashine ya kusaga kokoto iliyowekwa pazuri wakati wa kaskazi inaweza kuwamwagia vumbi watu walewale kusi ikishika. Anayekagua eneo mwezi Januari peke yake ameona nusu ya mwaka tu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua hekta 5, chimba mita 10 kwenda chini. Hata ukiacha robo nzima kwa ajili ya kingo na njia, utatoa karibu tani milioni 1 za mawe. Juu ya mawe hayo kulikuwa na udongo wa rutuba. Ukiwa na unene wa sentimita 30 tu, ni mita za ujazo 15,000. Udongo huo ndio akiba ya kurudishia ardhi, nao ndio unaopotea siku ya kwanza. Buldoza linausukuma ukachanganyika na kifusi, au unauzwa kwa wenye bustani. Unatakiwa kuwekwa kando kwa matuta mafupi, kwa kuwa ukirundikwa mlima, uhai wa ndani yake hufa kwa kukosa hewa.

Mchimbaji akitenga Sh500 kwa kila tani, mwisho wa kazi atakuwa na Sh500 milioni za kulaza kingo, kurudisha udongo na kupanda miti. Kwa mnunuzi wa lori la tani 20, hiyo ni Sh10,000. Mrabaha wa asilimia 3 unaokwenda serikalini haufukii shimo. Kwa hiyo fedha hizo zikae kwenye akaunti isiyoguswa kwa mafuta ya mitambo.

Kwamba ardhi hurudi, Bamburi ya Mombasa ilituonyesha zamani. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954 na kuacha sakafu kubwa za matumbawe, nyeupe, zenye chumvi, zisizoota kitu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti humo. Mingi ilikufa, mvinje ulisimama, kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Tatizo lilikuwa majani yake magumu, yaliyolala chini bila kuoza. Wakaletwa jongoo. Jongoo wakala majani, wakayageuza mboji, na juu ya mboji hiyo msitu ukashika. Leo ni bustani inayoitwa Haller Park, yenye twiga na viboko, na watu hulipa kiingilio kuiona.

Haller alianza wakati kiwanda bado kinachimba. Mchimbaji wetu mdogo naye anaweza kugawa eneo vipande, amalize kimoja, akirudishie udongo, ndipo aingie kingine. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7. Miche ya mvinje ikiingia ardhini mwaka wa pili, siku leseni inaisha itakuwa imeshapita mapaa ya majirani.