Je, Wajua? Kidole ndicho cha mwisho

Bastola ikiwa kiunoni, mdomo wake unatazama paja na mguu wa mwenyewe. Ndiyo maana anayejifunza kuichomoa huanza na kidole: cha shahada hunyooka ubavuni mwa bastola, mbali na kifyatulio, mpaka mdomo umeelekea shabaha na uamuzi wa kufyatua umekwisha kufanyika.

Mkono wa kushoto huinua shati (na kwa joto la Mwanza shati huwa nje ya suruali), kisha hubanwa kifuani usije ukapita mbele ya mdomo. Wa kulia hukamata mpini sawasawa bastola ikiwa bado kwenye ala. Kurekebisha mshiko hewani ni kuomba balaa. Mazoezi ya nyumbani ni ya bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine, polepole, kasi hujileta. Kuirudisha kwataka utulivu zaidi: pindo la shati likinasa kwenye kifyatulio, mlio utasikika.

Haya yote ni kwa mwenye leseni, chini ya Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini Wasukuma wengi, wenyeji wa Mwanza, hawakuwahi kuihitaji bastola. Miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, sungusungu, walinzi wa kijiji, walitoka na pinde na mishale, na silaha yao kubwa ilikuwa sauti: mwano, ukelele wa hatari. Mmoja akiupiga, jirani anaupokea, na kijiji kizima kinatoka.